Oda moja, skrini tatu: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kusimamia programu za kuagiza chakula

Kwa: Mawaziri wenye dhamana ya biashara, kazi na afya, pamoja na wakuu wa mamlaka za ushindani, ulinzi wa mlaji na ulinzi wa data binafsi.

YAH: KUWEKWA WAZI KWA HESABU NA MAAMUZI YA PROGRAMU ZA KUAGIZA CHAKULA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mhasibu. Natunza vitabu vya migahawa midogo, ile ambayo mwenye mali ndiye mpishi, na jioni ndiye anayefuta meza. Sehemu kubwa ya mauzo yao siku hizi hupitia kwenye programu za kuagiza chakula. Taarifa za malipo za kampuni hizo hunifikia mezani, na kazi yangu ilipaswa kuwa nyepesi: mauzo haya hapa, makato haya hapa, kilichobaki ni hiki. Jumla ya mauzo naiona. Kilichoingia benki nakiona pia. Yanayotokea kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo yaliyonifanya niwaandikie hadharani, kwa kuwa kwenye kampuni zenyewe hatujapata dirisha la kuulizia.

Chukueni taarifa moja ya kawaida. Mstari wa kwanza ni mauzo ghafi. Unafuata mstari wa kamisheni, na huo walau mwenye mgahawa aliutia saini kwenye mkataba. Baada ya hapo inakuja mistari isiyo na maelezo: ada ya uchakataji, mchango wa promosheni, marejesho, marekebisho. Marekebisho ya nini? Ukibofya neno hilo unarudishwa ukurasa uleule. Promosheni nayo: mteja alipewa punguzo, vizuri, lakini nusu ya punguzo imekatwa kwa mpishi kwa sababu kuna kisanduku kwenye mipangilio kilichokuja kikiwa tayari kimewekewa alama ya kukubali. Marejesho ndiyo yanayouma zaidi. Mteja akisema kitu kimoja kilikosekana kwenye mfuko, hurudishiwa fedha, na fedha hizo hutolewa kwa mgahawa bila mtu kuuliza jikoni kama ni kweli. Mama mmoja ninayemfanyia hesabu aliandika kupinga makato ya namna hiyo, akaambatanisha picha ya mfuko aliyoipiga kabla haujaondoka. Jibu lilifika kabla hajaweka simu chini. Lilimshukuru kwa ushirikiano wake na kumwarifu kwamba uamuzi ni wa mwisho. Kwa kasi ile, sioni ni nani angekuwa ameitazama picha.

Sasa nendeni upande wa mteja. Skrini yake inaonyesha bei ya chakula, ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko ile ya pale pale mgahawani, kisha ada ya kupelekewa, ada ya huduma, pengine ada ya oda ndogo, na mwisho vitufe vya bakshishi. Hakuna mahali panapomwambia kila kiasi kinakwenda kwa nani. Akiona bei imepanda humlaumu mpishi. Akiona ada ya kupelekewa huamini ni ya mtu aliyembeba chakula chake kwenye mvua. Mara nyingi anakosea yote mawili, na si kosa lake.

Mpelekaji naye ana skrini ya tatu. Simu inalia, ramani inafunguka, kiasi kimoja kinatokea, na anapewa sekunde chache za kukubali au kukataa. Haoni mteja amelipa nini wala mgahawa umekatwa nini. Niliwahi kumwomba mpelekaji mmoja aliyekuwa akisubiri mlangoni anionyeshe simu yake, nikaiweka kando ya kishikwambi cha jikoni kinachopokea oda. Namba ya oda ilikuwa ileile. Zaidi ya hiyo, hapakuwa na tarakimu hata moja iliyofanana.

Waheshimiwa, hapo ndipo ulipo moyo wa barua hii. Fedha ya oda ni moja, hutoka mfuko mmoja na kugawanywa kwa watu wachache. Lakini anayeuona mgawanyo wote ni kampuni peke yake. Mteja anaona kipande chake, mpishi chake, mpelekaji chake, na serikali, inayotarajiwa kuwa mwamuzi wa wote, haioni kipande chochote mpaka kesi ifike mahakamani. Ninachoomba kabla ya jambo lingine lolote ni risiti moja. Kila oda ikikamilika, watu wote watatu wapokee maelezo yaleyale: mteja amelipa kiasi gani, chakula kimechukua kiasi gani, kamisheni ni kiasi gani, mpelekaji amepata nini kutoka kwa kampuni na nini kutoka kwa bakshishi, kodi ni ipi, na punguzo, kama lilikuwepo, limebebwa na nani.

Kwenye masoko mengi duniani serikali hukagua mizani na kuipiga muhuri. Haingoji mnunuzi alalamike kwamba kilo yake ilipunjwa, kwa sababu inajua mnunuzi hana jiwe la kupimia mfukoni. Programu inayoamua nani apate kiasi gani ni mizani ya aina hiyohiyo, inapima mamilioni ya mara kwa siku, na katika nchi nyingi hakuna mkaguzi aliyewahi kuitazama.

Madhara ya kutoitazama yanajulikana. Kati ya 2017 na 2019 kampuni ya kupeleka chakula ya DoorDash nchini Marekani ilitumia mfumo wa malipo uliomhakikishia mpelekaji kiasi fulani kwa oda kabla hajaikubali. Tuseme kiasi hicho ni dola 7. Mteja asipotoa bakshishi, kampuni inalipa zote 7. Mteja akitoa bakshishi ya dola 3, kampuni inalipa 4. Mpelekaji anabaki na 7 zilezile. Aliyedhani amemwongezea mtu kitu mkononi alikuwa ameipunguzia kampuni gharama. Mwaka 2020 DoorDash ilikubali kulipa dola milioni 2.5 kumaliza kesi iliyofunguliwa na Mwanasheria Mkuu wa Washington, D.C., na Februari 2025 ikakubali kulipa dola milioni 16.75 katika shauri kama hilo la Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York. Naomba mzitazame tarehe hizo. Mfumo ulikoma 2019, na suluhu ya New York ikafikiwa 2025. Mtu aliyepeleka chakula kwa miezi michache mwaka 2018 huenda amehama mji, amebadili namba ya simu, amesahau hata nywila ya akaunti yake. Kama kila risiti ingeonyesha "bakshishi 3, kampuni 4" leo, na "bakshishi 0, kampuni 7" kesho, wapelekaji wenyewe wangeligundua jambo hilo ndani ya wiki moja, bila wakili.

Baadhi yenu mtasema kwamba mmekwisha kuchukua hatua, mmeweka ukomo wa kamisheni au mnafikiria kuuweka. Nauelewa ushawishi wa ukomo. Wateja wangu ndio wangekuwa wa kwanza kushangilia. Lakini tazameni yaliyotokea Chicago. Mwaka 2020 jiji hilo liliweka ukomo wa asilimia 15 kwenye kamisheni inayotozwa migahawa. DoorDash ikaanza kuwatoza wateja dola 1.50 kwa oda, ada waliyoiita "Chicago Fee". Agosti 2021 jiji liliishtaki DoorDash, pamoja na mshindani wake Grubhub katika kesi tofauti, na miongoni mwa malalamiko ilikuwemo hoja kwamba ada hiyo iliwafanya watu wadhani inatozwa na jiji lenyewe. Mpishi alipewa nafuu kwa mkono wa kulia, mteja akatozwa kwa mkono wa kushoto, na lawama ikaelekezwa kwa serikali iliyojaribu kusaidia.

Jiji la New York nalo lilipoweka kiwango cha chini cha malipo kwa wapelekaji, dola 17.96 kwa saa kwa kuanzia, na kikaanza kutekelezwa Desemba 2023 baada ya kampuni kukipinga mahakamani, baadhi ya programu zilihamisha kitufe cha bakshishi. Badala ya kutokea wakati wa kulipa, kikawa kinatokea baada ya chakula kufika, wakati mteja amekwisha kuweka simu pembeni na kuanza kula. Siandiki haya kusema kiwango kile kilikuwa kosa. Naamini kilikuwa sahihi kabisa. Nasema kwamba ukibana upande mmoja wa oda bila kuuona mwingine, fedha husogea kwenda kule usikotazama, na mtunga sheria hupata habari baadaye kupitia magazeti kama sisi wengine.

Na hapohapo New York kuna jambo la kuiga. Kabla ya kupanga kiwango, idara ya jiji inayolinda walaji na wafanyakazi ilizitaka kampuni zikabidhi kumbukumbu zao za oda, saa za kazi na malipo. Ripoti yake ya Novemba 2022 ilionyesha kwamba wapelekaji walikuwa wakipata wastani wa dola 14.18 kwa saa pamoja na bakshishi, na dola 7.09 bila bakshishi, kabla hawajatoa gharama zao za chombo, simu na vifaa, ambazo zilikadiriwa kufika dola 3.06 kwa saa. Yaani nusu nzima ya kipato ilitegemea ukarimu wa mtu asiyejua kwamba anategemewa kiasi hicho. Tarakimu hizo zilibadilisha mjadala mzima. Kabla yake kila upande ulikuwa na hadithi zake. Kampuni ikimleta mpelekaji anayefurahi, chama cha wapelekaji kikimleta anayelia. Baada yake watu walibishana juu ya kitu kilichopimwa. Mimi ni mtu wa hesabu, na sioni njia nyingine ya kuanza.

Kuna pia suala la nani anaonekana kwenye orodha na kwa nini. Mteja anapofungua programu huona migahawa michache ya juu, na wengi hawashuki zaidi ya hapo. Nafasi ile ina thamani ya fedha. Inauzwa. Mwenye mgahawa akipunguza bajeti ya matangazo huona oda zikipungua, akikubali kamisheni ya juu zaidi huona zikirudi, lakini hakuna anayemwambia kanuni yenyewe. Umoja wa Ulaya uliona tatizo hili mapema: kanuni yake namba 2019/1150, iliyoanza kutumika Julai 2020, inazitaka programu za aina hii zieleze vigezo vikuu vinavyopanga orodha, na ziseme wazi kama malipo yanaweza kumpandisha mtu. Pia inazitaka zitoe taarifa ya siku 30 na sababu kabla ya kumwondoa mfanyabiashara kabisa, isipokuwa katika hali chache. Kuna mpishi mmoja ninayemjua ambaye angelipa fedha nyingi kwa taarifa ya siku 30. Alipewa ujumbe wa usiku, na asubuhi kishikwambi kilikuwa kimenyamaza.

Wengine hata hawakujiunga na bado wapo kwenye orodha. Mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, pamoja na Mwanasheria Mkuu wa Illinois, zilidai kwamba Grubhub iliorodhesha hadi migahawa 325,000 isiyokuwa na mkataba nayo. Mteja anaagiza, menyu ni ya zamani, chakula kinachelewa au kinakuja tofauti, na jina linaloharibika ni la mpishi ambaye hata hakujua kwamba anauzwa huko. Desemba 2024 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 25 kumaliza shauri lililojumuisha dai hilo na mengine. California ilikuwa imekwisha kulipiga marufuku jambo hilo tangu Januari 2021: hakuna kuorodhesha mgahawa bila makubaliano. Ni sheria fupi. Inaweza kunakiliwa na bunge lolote, na sioni hoja nzito dhidi yake.

Niwarudishe kwa wapelekaji, kwa sababu kwao hesabu isiyoonekana huamua zaidi ya fedha. Huamua nani apate kazi. Tarehe 31 Desemba 2020 mahakama ya Bologna nchini Italia ilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na vyama vya wafanyakazi dhidi ya Deliveroo, kampuni ya kupeleka chakula. Kampuni ilikuwa na mfumo uliowapanga wapelekaji kwa alama, na mwenye alama za juu ndiye aliyetangulia kuchagua zamu. Ukikosa zamu uliyojiandikisha, au ukijiondoa dakika za mwisho, alama zinashuka. Mfumo haukuuliza kwa nini. Mtu aliyelazwa hospitalini, mtu aliyegoma kama sheria inavyomruhusu, na mtu aliyelala tu nyumbani, wote walipimwa sawa. Mahakama iliona kwamba kutotofautisha sababu hizo ni ubaguzi. Kampuni ilisema mfumo huo haukuwa ukitumika tena. Inawezekana, lakini ulifanya kazi kwa muda wote uliofanya kazi, na ilihitajika kesi ili uitwe ubaguzi.

Oktoba 2022 huko Florence kijana wa miaka 26 alifariki kwa ajali ya barabarani akiwa kazini, akipeleka chakula. Baada ya kifo chake ulifika ujumbe wa kiotomatiki ukiarifu kwamba akaunti yake imefungwa kwa kutozingatia masharti. Nimeusoma mkasa huo mara nyingi na kila mara nahisi baridi ileile. Nisingependa mtu auchukue kama bahati mbaya ya kompyuta. Ujumbe ule ulionyesha tu jinsi maamuzi mengine yote yalivyokuwa yakifanyika, kwa watu walio hai, siku zote. Mamlaka ya Italia ya kulinda data binafsi haikungoja mlalamikaji. Ilifungua uchunguzi yenyewe dhidi ya Foodinho, kampuni ya kundi la Glovo, ambayo mamlaka hiyo ilikuwa imekwisha kuitoza faini ya euro milioni 2.6 mwaka 2021. Novemba 2024 iliitoza euro milioni 5 nyingine. Uchunguzi ulihusu data za wapelekaji zaidi ya 35,000, na ulibaini kwamba mahali alipo mpelekaji paliweza kufuatiliwa na kupelekwa kwa kampuni nyingine hata programu ilipokuwa nyuma ya skrini, na katika kipindi fulani hata ilipokuwa haitumiki kabisa. Hakuna mpelekaji ambaye angeweza kugundua hilo peke yake. Wataalamu wa mamlaka waliifungua programu na kuangalia inatuma nini na kwa nani. Ndiyo kazi ninayowaombeni muifanye: muifungue na kuangalia.

Najua jibu mtakalopewa na wanasheria wa kampuni, maana nimelisikia kwenye vikao: algoriti, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata kufanya maamuzi, ni siri ya biashara. Siri ya biashara ipo na inastahili kulindwa. Hakuna anayedai mistari ya msimbo ibandikwe ukutani. Lakini kumweleza mtu kanuni inayomkata malipo hakuhitaji kutoa msimbo, na mfano upo. China, baada ya wizara na idara saba kutoa mwongozo wa Julai 2021 uliozitaka kampuni ziache kutumia kanuni kali kupita zote kuwapima wapelekaji, Meituan, kampuni ya kupeleka chakula ya huko, ilichapisha Septemba mwaka huohuo maelezo ya jinsi inavyokadiria muda wa kufikisha oda. Ilieleza kwamba hupiga makadirio manne kwa njia tofauti kisha huchukua lile refu zaidi. Maelezo yalikuwa ya lugha ya kawaida, mtu yeyote angeyaelewa, na kampuni haikufilisika. Wala si kwamba serikali ile iliishia kwenye maelezo: Oktoba 2021 mamlaka ya masoko iliitoza kampuni hiyohiyo yuani bilioni 3.44 kwa kuwalazimisha wafanyabiashara wachague kuuza kwake peke yake.

Hispania nayo mwaka 2021 iliandika kwenye sheria kwamba wawakilishi wa wafanyakazi wana haki ya kuelezwa vigezo na kanuni za algoriti zinazogusa ajira. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi kwa agizo lake namba 2024/2831 kuhusu kazi za majukwaa ya kidijitali, ambalo nchi wanachama zimepewa hadi tarehe 2 Desemba 2026 kuliingiza kwenye sheria zao. Agizo hilo linataka wafanyakazi waelezwe mifumo ya kiotomatiki inayowasimamia, linataka binadamu awe na uwezo wa kupitia uamuzi upya, linakataza akaunti kufungwa kwa uamuzi wa mashine pekee, na linaziagiza kampuni zitoe taarifa kwa mamlaka. Kwa hiyo, waheshimiwa, hamuombwi kubuni jambo jipya. Kazi ya uandishi imekwisha kufanywa na wengine. Kilichobaki ni nia na wakaguzi.

Nisiwafiche: nina neno pia kuhusu uwazi wenu ninyi. Kuna tabia ya mamlaka kupokea takwimu kutoka kwa kampuni kwa makubaliano yasiyochapishwa, kuzifungia kabatini, na kumaliza mashauri kwa barua ambazo mlalamikaji haoni. Usimamizi wa namna hiyo hausaidii. Mpishi aliyekatwa fedha hajui kama wengine mia wamekatwa vilevile. Mkijua ninyi na msiseme, mmekuwa skrini ya nne. Juni 2025 Tume ya Ulaya ilitangaza kuzitoza Delivery Hero na Glovo, zote kampuni za kupeleka chakula, faini ya euro milioni 329 kwa kupatana kutochukuliana wafanyakazi, kubadilishana taarifa nyeti za biashara na kugawana masoko, kati ya Julai 2018 na Julai 2022, wakati moja ikiwa mwanahisa wa nyingine. Tunalijua hilo kwa sababu lilitangazwa pamoja na majina, kipindi na kiasi. Fanyeni hivyohivyo. Chapisheni kila robo mwaka idadi ya malalamiko kwa kila kampuni, yametatuliwa vipi, akaunti ngapi zimefungwa na ngapi zilirudishwa baada ya rufaa, pamoja na wastani wa mgawanyo wa oda. Chapisheni pia vikao mnavyofanya na kampuni hizi wakati kanuni zinaandikwa.

Afya ya mlaji nitaigusa kwa ufupi tu, kwa kuwa wengine wameiandika vizuri kuliko mimi. Jiko moja linaweza kuonekana kwenye programu kwa majina kumi, kila moja na picha zake. Mwaka 2023 Uber Eats ilisema itaondoa takriban kurasa 5,000 za namna hiyo huko Amerika Kaskazini. Kila ukurasa uonyeshe jina la kisheria la mwenye leseni, mahali jiko lilipo, na matokeo ya ukaguzi wa mwisho wa usafi. Mkaguzi wa afya akifunga jiko, majina yake yote yafungwe siku hiyohiyo.

Kuna wasiwasi mmoja ambao nauheshimu. Data hizi ni za watu: wanakula nini, saa ngapi, wanaishi wapi. Uwazi ninaouomba usiwe kisingizio cha serikali kujua mlo wa raia wake. Mkaguzi hahitaji jina la mteja wala mlango wake ili kujua oda imegawanywa vipi; anahitaji namba ya oda, muda, umbali na fedha. Sheria iseme hivyo kwa maneno, na iweke adhabu kwa ofisa atakayeomba zaidi ya hapo. Nitakuwa wa kwanza kupinga ikiwa haitasema.

Wapo pia watakaosema kampuni ndogo zitashindwa kubeba mzigo wa risiti na ripoti. Risiti ya pamoja si mzigo. Tarakimu zote zimo kwenye mfumo tayari, la sivyo kampuni isingeweza kumkata mtu yeyote. Ripoti za robo mwaka zinaweza kuanza na kampuni kubwa pekee, na ndogo zikapewa muda.

Ninachoomba kwenu sasa ni majibu yanayoweza kuhesabiwa. Kwanza, mtangaze ni ofisi ipi kati yenu inabeba jambo hili. Leo mwenye mgahawa akilalamikia makato, wizara ya biashara humwelekeza kwenye mamlaka ya ushindani, na huko huambiwa mkataba ni wake binafsi. Mpelekaji akilalamikia akaunti iliyofungwa huambiwa kwamba yeye si mwajiriwa, kwa hiyo hana pa kusimama. Mteja hupewa namba ya simu ya kampuni. Ofisi ikishajulikana, itoe rasimu ya kanuni ya risiti moja kwa maoni ya umma, na iandike barua kwa kampuni zote kudai kumbukumbu za oda za mwaka mmoja uliopita, bila majina ya wateja, ili kiwango chochote mtakachokuja kukiweka kiwe na msingi.

Mama yule wa picha ya mfuko ameniruhusu niseme kwamba taarifa zake za malipo, zote, ziko tayari kukaguliwa. Ninazo kwenye faili, zimepangwa kwa tarehe, na mistari ya "marekebisho" nimeipigia mstari. Ofisi ikitajwa Jumatatu, tutazileta Jumanne.

Wenu katika ujenzi wa biashara ya haki,

Mhasibu wa migahawa midogo